Tuko Moshi: tuwapeleke wapi watoto mwezi wa 6, mbali na Serengeti na Ngorongoro?

mama_soweto:
Habari wadau, naomba mawazo. Tuko Moshi, mimi na mzee, watoto wawili wa shule ya msingi na mama mkwe anayekuja toka Singida, goti linamsumbua. Tunataka kutoka siku tatu hivi ila safari hii sitaki Ngorongoro wala Serengeti, watoto wameshaenda na shule, na chemchemi ya Chemka wikiendi siku hizi pamekuwa stendi, spika kila kona mpaka maji yenyewe huyaoni. Usafiri ni IST, kigari kidogo cha chini. Nataka sehemu nikimtajia mtu aulize ndo wapi huko. Na jamani msinipeleke kwenye loji za dola.

chalii_wa_sakina:
Dada nendeni Kondoa mkaone michoro ya miambani. Sisi wa huku tunapita pale Kolo tukienda Dodoma wala hatugeuzi shingo, wakati UNESCO walishaiweka kwenye urithi wa dunia tangu 2006. Ni lami tupu, Makuyuni, Babati, mpaka Kolo. Pale kuna ofisi ya mambo ya kale, mnalipia mnapewa mtu wa kuwaongoza, michoro mingi ni ya rangi nyekundu, kuna twiga, kuna watu warefu wembamba na vichwa vya ajabu, madogo watauliza maswali mpaka mchoke. Na kuna miamba wenyeji bado wanafanyia matambiko kwahiyo mkiambiwa msiguse, msiguse. Laleni Babati, asubuhi mkacheki viboko ziwani.

Mdau_Njiro:
@chalii_wa_sakina umesoma hapo kwenye goti la bibi kweli? Lami inaishia barabara kuu, kwenda miambani kwenyewe ni mawe na vumbi, IST itaacha bampa huko, halafu mnapanda kilima kwa miguu. Pazuri sibishi, ila sio kwa msafara huu.

Mimi nasema Lushoto. Mnashika njia ya Dar mpaka Mombo, pale mnakata kushoto mnaanza kupanda, ni kama kilomita 33 za kona juu ya kona ila lami, wenye kutapika wakae mbele. Mkifika Irente, pale ukingoni pa kutazamia, gari linafika karibu kabisa, bibi anakaa zake anaangalia tambarare yote ya Mazinde iko chini huko, hapandi kitu. Watoto wapelekeni msitu wa Magamba na kinyonga wa Usambara waone kwa macho. Gesti za kawaida zipo mjini na msosi ni bei ya kibongo.

Mpare_halisi:
Yaani mnapita Same mzima mzima hamsemi chochote 😂 Mkomazi iko hapo hapo, geti la Zange ni karibu tu na Same mjini, ni hifadhi ya taifa tangu 2008, ina faru weusi ndani ya uzio na mbwa mwitu pia. Ila niwe mkweli, usitegemee makundi kama Serengeti, ile ni nyika na wanyama wake wana aibu, unaweza kuzunguka masaa ukaona swala na vumbi. IST iacheni gesti, kodini gari ya juu. Malipo ni kwa kontroo namba, ile ya kulipia benki au kwa simu, msiende na kashi mkononi mkaanza kubishana na askari getini.

kaka_rombo:
Kama mnataka ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo basi Ziwa Chala, upande wa Rombo mpakani na Kenya. Ni ziwa la kreta, maji yanatoka Kilimanjaro kwa chini ya ardhi, rangi inabadilika badilika na jua. Bibi abaki juu ukingoni maana kushuka ni mteremko mkali. KUOGELEA HAPANA, kuna binti wa Kiingereza aliuawa na mamba 2002 upande wa Kenya, wanaokwambia mamba waliisha waache waogelee wao.

mama_soweto:
Asanteni sana. Mzee kasikia faru kashachanganyikiwa, ila naona Lushoto siku mbili, Mkomazi tutapitia wakati wa kurudi yeye na watoto, mimi na mama tutawasubiri Same. Mwezi wa sita Lushoto baridi ikoje?

Mdau_Njiro:
Kali dada. Masweta, soksi, na gesti uliza kabisa kama maji ya moto yapo kabla hujatoa hela.

Mpare_halisi:
Mkiwa mnasubiri hapo Same ulizia tangawizi ya Mamba Miamba, huko milimani Same, sio ile ya sokoni Moshi.