Dalali wa mizigo mnayemjua, leo umenivua nguo mbele ya utingo wangu!

Gari Langu Mwenyewe (mwanzisha uzi):
Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka na injini nimezima. Simtaji. Mnamjua. Yule wa "mzigo upo bosi, wahi", ambaye kila mzigo wake ni wa haraka sana mpaka ufike getini, ndipo ile haraka inakufa na sisi tunabaki kukaa matanga.

Alinipigia saa nane usiku. Tani 28, kilomita 900, wahi kabla hajachukua mwingine. Bei aliyotaja, ukitoa dizeli, posho na matairi yanayolika, inabaki hela ya wembe, tena nusu wembe. Nikamwambia hailipi. Akasema soko limelala. Nikaenda. Ndiyo nilienda, msinianze! Trela lilikuwa limekaa siku 11 linaota majani, na marejesho ya mkopo hayalali hata soko likilala.

Kupakia nimesubiri siku 2. Kushusha siku 3. Siku 5 nimegeuzwa ghala la bure lenye magurudumu. Nauliza hela ya kusubiri, ananitumia kile kikatuni kinachocheka mpaka machozi.

Sasa sikilizeni. Leo kanitumia karatasi ya mzigo nisaini. Kakosea, kanitumia ile yake na mwenye mzigo. Bei nimeisoma mara nne, nikafuta kioo cha simu kwa shati, nikasoma ya tano. Karibu mara mbili ya yangu! Mimi nina gari, bima, mkopo na matairi 22. Yeye ana simu na chaja, na hiyo chaja sina hakika kama ni yake.

Nikampigia. Kosa langu niliweka spika kwa kuwa nilikuwa nakunja turubai. Walinzi wapo, wapakuaji wapo, utingo yupo. Nikamuuliza kistaarabu kabisa, mbona hivi? Akajibu: "Kaka, gari moja siyo biashara. Huo ni usafiri."

Utingo akacheka.

Utingo WANGU. Ninayemlipa mimi! Kilianza kama chafya, akajaribu kukimeza, kikatokea puani. Hata sikusikia dalali akikata simu, nilisikia kile kicheko tu.

Mzigo wa kurudi alioniahidi "upo njiani" tangu Jumatatu, kwa hiyo narudi kilomita 900 tupu, na malipo ni baada ya siku 45, hati ya makabidhiano iwe na mhuri halisi, picha hataki. Usafiri! Kichwa na trela lake, ekseli zote zile, usafiri! Na yule kijana amekaa hapa pembeni yangu anajifanya amelala.

Sina swali. Nilitaka mjue.

Stelingi Ngumu:
Nipo siti ya mbele. Huyo utingo apandishwe cheo.

Mama Trela:
Pole kaka. Wangu ulipita kwa madalali 3 kabla ya kunifikia, kila mmoja kakata chake. Siku ya kudai, wa tatu ananielekeza kwa wa pili, wa pili kwa wa kwanza, wa kwanza akaniuliza "samahani, nani mwenzangu?"

Diferensho:
Lini mtajifunza nyie? Kabla ya kukubali bei unahesabu kwenda NA kurudi. Ukienda 900 umebeba ukarudi 900 tupu, umetembea 1,800 kwa nauli ya 900. Dalali angekuwa malaika bado ungekula hasara. Na hela ya kusubiri huandikwa kabla ya kupakia, saa ya kuingia na ya kutoka zinagongwa mhuri getini. Siyo kuja kulia huku.

Gari Langu Mwenyewe:
Diferensho, nimesema sina swali. Halafu hukuwepo alipocheka.

Kichwa Bila Trela:
"Tena nusu wembe" 😂😂 nimepiga honi peke yangu.

Breki Hewa:
Acheni madalali, tafuteni viwanda vidogo vyenye mzigo mmoja kwa wiki. Wakubwa hawahangaiki na mwenye gari moja, wanataka magari 10 kwa mpigo. Ndiyo maana dalali anaishi.

Stelingi Ngumu:
Kwa hiyo dalali alisema kweli? Ni usafiri? 😂

Gari Langu Mwenyewe:
Nitawaripoti wote.

Mzee wa Mizani:
Mna bahati mmeibiwa na dalali. Mimi mwenye mzigo mwenyewe aliniapia tani 27, mizani ikasoma 31. Faini nikalipa mimi. Nampigia, ananiambia labda mvua imelowesha turubai.

Mama Trela:
Tani 4 za mvua ni lita 4,000, Mzee. Ulibeba bwawa.

Kichwa Bila Trela:
Hayo cha mtoto. Gari langu dereva karudi na upungufu wa lita 60. Nauliza, anasema mteremko ulikuwa mrefu. MTEREMKO unakula mafuta?

Breki Hewa:
Ukishuka na gia ndani bila kukanyaga mafuta, injini za kisasa zinakata dizeli zenyewe. Hizo lita 60 zimenyonywa, kaulize kwenye madumu.

Stelingi Ngumu:
Dereva wangu mimi alisema ni upepo wa mbele. Kwenda na kurudi. Upepo uligeuka naye.

Gari Langu Mwenyewe:
Jamani, mada. Ameamka sasa hivi, kanitazama, kageukia dirishani. Mabega yanatikisika.

Ritredi Safi:
Wakuu samahani kwa kuingilia. Nina matairi 6 yaliyovishwa upya, 315/80 R22.5, hayajatembea.

Mzee wa Mizani:
Mbele yanakaa?

Breki Hewa:
Mzee usithubutu! Ya kuvishwa upya weka kwenye trela. Likibanduka mbele usukani unakwenda nalo.

Mzee wa Mizani:
Sawa, yakae kwenye trela. Unauza yote 6 au hata 4 unatoa?