Mdogo anamng'ata kaka yake, naombeni ushauri

Assalaam aleikum wazazi wenzangu, habari za jioni. Nimekwama, naombeni msaada wenu.

Nina watoto wawili, wa kiume ana miaka 3 na wa kike mwaka mmoja na nusu. Tunaishi Ngamiani, hapa Tanga, na wanashinda uani wakikimbizana. Wanapendana mno, mmoja akilala mwenzake anamtafuta. Shida ni kwamba mdogo akinyimwa kitu, iwe kijiko, ndoo, hata kokwa la embe, anamng'ata kaka yake. Mkononi, begani, shavuni. Juzi ngozi ilichubuka, nikaosha kwa maji na sabuni. Sasa kaka mtu naye ameanza kumsukuma, na pale uani majirani wanapikia majiko ya mkaa. Hapo ndipo roho yangu haitulii kabisa.

Najua umri huu magego yanaota na maneno bado hana. Nampa kitambaa safi kilicholowa maji baridi atafune. Aking'ata namtoa, namwambia "hapana, inauma", kisha nambembeleza kwanza aliyeumizwa. Anatulia kidogo, halafu anarudia.

Mama mkwe anasema nimng'ate naye aonje uchungu wake. Namheshimu sana, na watoto hawa tumelea naye, lakini hilo siliwezi.

Mliopitia haya, mlifanya nini papo hapo mpaka mtoto akaacha? Na mama mkwe nimjibu vipi bila kumvunjia heshima?