Mashua ya mvule: mataruma yameoza ndani na vanishi inabanduka, nianzie wapi?

Mpwani28
Wakuu, habari za kazi. Nina mashua ya futi 28, mbao za mvule, misumari ya chuma, imepandishwa ufukweni Tanga. Nje si mbaya, shida iko ndani. Mataruma (miti iliyopinda inayoshika mbao za ubavu kwa ndani) matano ya katikati yameoza chini, pale yanapokutana na mkuku, yaani uti wa chini wa mashua; bisibisi inazama. Ngama, sehemu ya chini kabisa ndani maji yanapotuama, imepakwa rangi juu ya rangi. Kwenye mabenchi na milango ya makabati vanishi imebanduka, na kila msumari umezungukwa na doa jeusi. Naambiwa nimwage epoksi (gundi ya maji inayoganda ngumu) palipooza kisha nipake rangi. Inatosha?

Tezo na Randa
Haitoshi, mkuu. Ubao ukiwa na unyevu epoksi haifiki kwenye ubao usiooza. Inafanya ganda gumu juu, na chini yake kuvu inaendelea kula. Tafuta kwanza maji yanaingilia wapi. Kinachoozesha mashua kwa ndani mara nyingi ni mvua, si maji ya chumvi, kwa hiyo kagua maungio ya sitaha juu ya hayo mataruma matano. Halafu chungulia matundu ya kupitisha maji chini ya kila taruma. Rangi na taka zikiyaziba, maji yanatuama palepale palipooza.

Kwangua rangi yote ya ngama. Usiipige msasa ikiwa kavu, rangi za zamani huwa na madini ya risasi, nayo ni sumu. Ilowanishe na uvae barakoa. Acha wazi mpaka kipima unyevu kisome chini ya asilimia 20.

Mataruma usiyang'oe yote kwa pamoja, ubavu utapoteza umbo. Toa la kwanza, weka jipya, lifunge, ndipo uende la tatu, kisha la tano. La pili na la nne yawe ya mwisho. Chonga kielelezo cha plaiwudi kwa kila moja. Tumia mtondoo au mlilana wenye mpindo wa asili (mlilana ni mkoko, pata kibali cha misitu). Ukikata mpindo kutoka ubao ulionyooka, nyuzi zinakatika kwenye kona na taruma litapasukia hapo. Kama juu ni pazima, unga kipande kipya kwa mshazari wenye urefu wa mara 8 ya unene: taruma la unene wa inchi 3, mshazari wa inchi 24.

Kalafati
Naongezea misumari. Nunua ile iliyochovywa kwenye zinki ya moto, yenye ngozi nene ya kijivu. Ile inayong'aa ina zinki nyembamba mno kwa baharini. Toboa kwa keke tundu jembamba kuliko msumari, zungushia pamba yenye mafuta chini ya kichwa, ndipo upige. Usichanganye shaba na chuma: kwenye maji ya chumvi chuma ndicho kitakacholika.

Madoa meusi ni kutu iliyokutana na tanini, kemikali ya asili iliyo ndani ya ubao. Gramu 60 hadi 100 za asidi ya oksaliki kwa lita ya maji ya moto, paka, subiri ikauke, suuza mara mbili. Ni sumu, vaa glavu, na usivute vumbi lake. Msumari wenye kutu ukibaki, doa litarudi.

Tezo na Randa
Vanishi: mkono wa kwanza nusu vanishi nusu thina, wa pili thina robo, inayofuata bila thina, jumla mikono 6 hadi 8. Msasa namba 220 kati ya mikono ya mwanzo, 320 ya mwisho. Anza umande ukishakauka, acha saa tisa alasiri. Vichwa vya mbao, yaani ncha zilizokatwa, vipe mikono miwili zaidi, hapo ndipo maji hupenyea na kuibandua. Ngama usiipake vanishi kabisa, mafuta yanatosha.

Mpwani28
Asanteni sana. Na kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao kwa pamba, nipige sasa, mbao zikiwa zimekauka hivi?

Kalafati
Baada ya mataruma, na kwa mkono mwepesi. Mbao zikikauka kiasi hicho, nyufa zinaonekana pana kuliko zilivyo. Ukishindilia pamba mpaka zijae, mashua ikirudi majini mbao zitavimba, zisipate nafasi, na zitang'oa misumari yako mipya. Mwagia maji ya chumvi ndani asubuhi na jioni kwa wiki moja, halafu pima nyufa tena.