Niko mwalimu wa hesabu, nataka kuongoza mambo ya teknolojia mu masomo. Nianzie wapi?

MwalimuKatuba: Jambo bandugu. Niko nafundisha hesabu hapa Lubumbashi, commune ya Katuba, mwaka wa 9 sasa. Ordinatere ikikwama mu biro ya prefe (mkubwa wa masomo yetu) bananiita mie, pointi za banafunzi kuingiza mu mashine mie, simu za bafundishaji benzangu nazo mie, na hakuna hata franga moja juu yake. Sasa najiuliza, hii kazi haiwezi kugeuka cheo kweli? Kuwa ule mwenye anaongoza teknolojia mu masomo mingi, si paka kutengeneza imprimanti. Nirudie UNILU, iniversite ya hapa Lubumbashi, nisome informatike ao?

Yaya_Ruashi: Papa mwalimu, usikimbilie diplome. Informatike itakufundisha programu na rezo, wewe unatafuta kingine, kufundisha benzako batumie ile mashine mu darasa. Mie nilianzaka na Raspberry Pi moja, kile kiordinatere kidogo sawa pakiti ya sigara, nikatia Kolibri (programu ya masomo na mazoezi) na Wikipedia ya Kiwix (programu ya kufungua Wikipedia yenye uliisha kutelesharje), vyote vinatembea bila intaneti, nikafunga ku bateri, banafunzi banaingia na simu kwa wifi bila kula mega. Siku moja SNEL, kampuni ya umeme, inakata umeme katikati ya somo, salle ya informatike yote giza, darasa langu linaendelea. Prefe akakuja kusimama ku mlango, kimya. Kiisha akanipa Ijumaa mchana nifundishe bafundishaji. Njo pale kazi ilianzia.

Mutoto_wa_Kamalondo: Yaya anasema kweli ila ba-ONG (mashirika ya misaada) bakitoa tangazo la kazi banaomba licence (diplome ya iniversite) kwanza, bateri yako habaione. Mie balinikatalia mara mbili juu ya ile. Soma, lakini masomo ya ualimu na teknolojia, kwa mbali. Na utafute kitabu cha UNESCO cha 2018 juu ya TIC (teknolojia ya habari na mawasiliano) kwa bafundishaji, ni bure, kina ujuzi 18 mu ngazi 3, ujipime mwenyewe.

MwalimuKatuba: Sawa, na karte ya memware ya ile Raspberry Pi, ya giga ngapi?

Yaya_Ruashi: Giga 64 inatosha kuanza. Na daftari! Andika nani alikuja, nini kilikwama, nani alirudia. Ku enterview mie balisoma ile daftari kupita diplome (diplome nilikuwa nayo pia, Mutoto asinikasirikie).

MwalimuKatuba: Nimeongea na prefe leo. Anakubali, ila kwanza nimalizie imprimanti yake.