Led Zeppelin, Pink Floyd au Queen: ipi inafaa kusikilizwa kwa kina?

MwanafunziWaMoro

Ndugu wanajukwaa, salaam. Muhula huu nimechukua somo la hiari la historia ya muziki, na mwalimu ametutaka kila mmoja wetu achague bendi moja ya roki ya miaka ya 1970, aisikilize kwa utulivu, kisha aandike anachokisikia yeye mwenyewe badala ya kunakili sifa zilizoandikwa na wengine. Nimebakiwa na tatu, kila moja kwa albamu moja: ya nne ya Led Zeppelin, iliyotoka mwaka 1971, The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, ya mwaka 1973, na A Night at the Opera ya Queen, ya mwaka 1975.

Led Zeppelin walininasa kwa ngoma kabla ya gitaa. Wimbo unaofunga albamu, When the Levee Breaks, unafunguliwa na ngoma za John Bonham peke yake, na mapigo yake ni mazito na ya taratibu kiasi kwamba msikilizaji anahisi hata ukubwa wa chumba alimokaa mpigaji. Sauti ya Robert Plant, hata hivyo, hunichosha anapopanda juu mno. Pink Floyd nawaheshimu kuliko ninavyowapenda. Kila kitu kimepangwa kwa ustadi, lakini mimi niliyelelewa na nyimbo za Mbaraka Mwinshehe nimezoea gitaa la solo linalojibizana na mwimbaji, wala si gitaa linaloelea peke yake huku kila mtu akilisubiri lishuke. Kuhusu Queen nina shaka ya namna nyingine: kwetu ukimtaja Freddie Mercury mazungumzo huhamia Zanzibar alikozaliwa, nami nashindwa kujua kama tunaupenda muziki wake au tunakipenda cheti chake cha kuzaliwa. Naomba maoni yenu.

MzeeWaSanturi

Kijana, sikio lako halijakudanganya kuhusu hicho chumba. Ngoma zile zilirekodiwa Headley Grange, jumba kuukuu la Hampshire nchini Uingereza, na Bonham alikaa kwenye ukumbi wa chini, penye ngazi, huku vinasa sauti vikiwa vimening'inizwa juu yake kutoka ghorofani. Mwangwi wa ngazi ndio unaousikia. Baadaye utepe ulipunguzwa mwendo, na ndiyo maana kila pigo linatua kama gunia la mahindi. Hakuna albamu nyingine kati ya hizo tatu itakayokupa jambo la wazi namna hiyo la kuandika. Plant mvumilie tu. Hata sisi wa zamani tulimvumilia.

BintiShangani

Shikamoo Mzee, lakini hapa sikubaliani nawe. Mwenye mada ameuliza juu ya Queen, akajibiwa juu ya ngazi.

Ndugu mwanafunzi, shaka yako ni halali, nami nasema hivyo nikiwa mzaliwa wa Mji Mkongwe. Farrokh Bulsara, ndilo jina la kuzaliwa la Mercury, alizaliwa hapa mwaka 1946, akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, ambako alijifunza piano na kupiga katika bendi ya wanafunzi, kisha familia yake ikahamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964. Muziki aliokuja kuufanya hauna taarabu wala kidumbaki ndani yake, na anayedai kuusikia humo anajifurahisha. Kwa hiyo iache Zanzibar kando, usikilize Bohemian Rhapsody kama kazi ya mafundi. Ile kwaya kubwa ya katikati ni ya watu watatu tu, Mercury, Brian May na Roger Taylor, waliorekodi sauti zao na kuzirundika tabaka juu ya tabaka. Wimbo unakaribia dakika 6 na hauna kiitikio kinachorudi, jambo ambalo mtunzi wa kawaida angeliogopa. Kisha sikiliza gitaa la May, ambalo yeye na baba yake walilitengeneza nyumbani, shingo yake ikitokana na mbao za meko ya zamani, naye hulicharaza kwa sarafu. Mlio wake unakaribia sauti ya mtu. Wewe unayetaka gitaa linalojibizana na mwimbaji, hapo ndipo lilipo.

BesiNzito

Naona Pink Floyd hawana wakili, basi nitasimama mimi. Ukisema gitaa linaelea, umesikiliza kwa spika ya simu. Chukua wimbo Money, uhesabu mapigo ya besi ya Roger Waters: yanakwenda saba saba, si nne nne, na miguu iliyozoea dansi itajikwaa mara ya kwanza. Halafu zamu ya solo ya gitaa ya David Gilmour inapofika, hesabu inarudi kwenye nne na wimbo unafyatuka. Sisi wa dansi tungeliita chemko, pale wimbo unapochangamka. Hata zile sarafu zinazolia mwanzoni zina mpigo wake: Waters alizirusha katika bakuli la mkewe la kuchanganyia udongo wa kufinyangia, kisha vipande vya utepe vikakatwa na kuunganishwa viwe mzunguko.

AshaWaTanga

Mmewataja wanaume kumi kasoro, basi nami niongeze wanawake wawili waliomo ndani ya albamu hizo hizo. When the Levee Breaks, huo wimbo wa ngazi anaousifia Mzee, ulirekodiwa kwanza mwaka 1929 na Kansas Joe McCoy na mkewe Memphis Minnie, ukihusu mafuriko ya Mississippi ya mwaka 1927. Katika albamu ya Pink Floyd, sauti inayolia bila maneno katika The Great Gig in the Sky ni ya Clare Torry, aliyelipwa pauni 30 kwa kazi ya jioni moja. Ilimbidi aende mahakamani mwaka 2004 ndipo akatambuliwa kuwa mtunzi mwenza. Na kama mwalimu anaruhusu kutoka nje ya bendi, mtafute Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji wa nyimbo za Injili wa Marekani, alivyopiga gitaa la umeme mwaka 1964 katika stesheni ya reli iliyoachwa huko Manchester, amevaa koti, mvua imenyesha, hadhira imekaa ng'ambo ya reli. Aliyacharaza magitaa hayo kabla ya wengi wa vijana hawa kuzaliwa.

MwanafunziWaMoro

Nawashukuru nyote. BesiNzito, nimehesabu saba na nimejikwaa kweli. Heshima imeongezeka, mapenzi bado. BintiShangani, hoja ya kwaya imenishawishi kuliko hoja ya gitaa, kwa kuwa May hujibu baada ya Mercury kumaliza, ilhali Mbaraka hakumngoja mtu. Nitachukua Led Zeppelin, lakini insha itakuwa ya wimbo ule mmoja katika rekodi zake mbili, ya 1929 na ya 1971. Dada Asha, katika ile ya kwanza gitaa la juu linapigwa na nani?

AshaWaTanga

Ni la Minnie. Anayeimba ni Kansas Joe, na ngoma hamna kabisa. Mwendo wote unabebwa na magitaa mawili.