Magamba ya kifutu yananishinda, brashi inayagonga kama vigae

BintiPangani:
Habari zenu wakuu. Nachora kifutu kwa ajili ya bango la kufundishia watoto wa shule, wamtambue kabla hawajamkanyaga. Natumia programu ya Krita na tableti ndogo ya kuchorea. Mwili umekubali, mikunjo imekubali, kilichonishinda ni magamba. Nilipakua brashi ya magamba, nikiipitisha inagonga vigamba vinavyolingana kama vigae vya bafuni, na nyoka anapojikunja vinakatika ovyo. Nikasema basi nichore kimoja kimoja kwa mkono. Nimeshinda kutwa nzima, nimepata kipande cha kiganja tu, na kinafanana na ganda la nanasi. Mwenye njia anisaidie, bango linatakiwa Ijumaa.

WavuNaMakuti:
Dada, hiyo brashi iweke kando kwanza. Nami nilihangaika hivyo hivyo mpaka siku nilipookota ngozi aliyojivua nyoka nyuma ya banda la kuku la mama, huku Muheza. Nene, na kila gamba lina mstari katikati: kifutu. Niliitandaza juu ya karatasi nyeusi nikaanza kuikagua kwa kioo cha kukuzia. Ngozi ya kujivua hutoka imegeuka ndani nje, kama soksi, kwa hiyo ule mstari ulioinuka juu ya gamba la nyoka mwenyewe, pale niliuona kama kifereji. Nilipopitisha ukucha nikausikia. Mimi nauita mkuku, kama mkuku wa jahazi, na kwa kifutu huo ndio wa kuushughulikia kuliko kitu kingine chochote.

Sasa kazi yenyewe. Magamba hayajapangwa kwa mistari inayokata mwili moja kwa moja, yanakwenda mshazari, kama macho ya wavu. Fungua leya mpya, yaani tabaka jipya juu ya mchoro, chora mistari ya mshazari inayouzunguka mwili, kwanza inayolalia kulia, halafu inayolalia kushoto. Ifuate unene wa nyoka: katikati macho yawe mapana, karibu na kingo yasongamane. Katikati ya mwili kifutu ana safu 29 hadi 41, ila wewe unachora upande unaoonekana tu, kwa hiyo usiogope. Kwenye mkunjo, macho ya upande wa ndani yanabanana, ya nje yanaachana mpaka ngozi iliyo kati ya magamba inaonekana. Huyu akikasirika hujijaza pumzi, hapo ndipo magamba yanapoachana hasa. Brashi yako haijui lolote kati ya hayo, ndiyo maana inakatika.

Kila jicho la wavu ni gamba moja. Ncha ielekee mkiani, na gamba la mbele lilalie la nyuma yake, kama makuti ya paa.

Mwanga: kifutu hang'ai. Koboko ana magamba laini, mwanga unateleza mgongoni mwake kama kwenye kamba iliyolowa. Kwa kifutu mwanga unagota kwenye mkuku na kukatika vipande vipande. Amua jua liko upande gani, kisha kwa kila gamba weka mstari mwembamba wa rangi ya mchanga upande wa mkuku unaotazama jua, na kivuli chembamba chini ya ncha. Basi, mistari miwili. Nyeupe kabisa usiiguse, itakuletea samaki.

Alama zake za V zipake kwenye leya ya chini kabla ya magamba, ncha ya V itazame mkiani. Ukishamaliza wavu, rudi mpakani uamue gamba kwa gamba: hili jeusi, hili la udongo. Mpaka utatoka na meno meno, na ndivyo ulivyo kwa nyoka mwenyewe. Ukiuacha umenyooka, ataonekana amevaa kitambaa.

Halafu, kwa kuwa bango ni la kumtambulia: kichwa cha kifutu hakina zile sahani kubwa walizonazo nyoka wengi. Ni vigamba vidogo vyenye mikuku vinavyolaliana, mpaka juu ya macho. Hapo usikosee hata kidogo, watoto watakiamini kichwa hicho.

Mamba_Rufiji:
Naongeza la mamba, kwa atakayepita hapa. Mgongoni na mkiani magamba yana mpango, lakini usoni hakuna. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva wameonyesha kuwa mtoto wa mamba akiwa bado ndani ya yai, ngozi ya kichwa hukua haraka kuliko mfupa ulio chini yake, ikajikunja. Hiyo mikunjo ndiyo tunayoiona kama magamba ya taya. Kwa hiyo kushoto hakufanani na kulia. Ukitumia kile kifaa cha kioo kinachorudia upande wa pili, umeshaharibu uso.

BintiPangani:
Asanteni sana. Kaka WavuNaMakuti, sasa ile brashi niifute kabisa?

WavuNaMakuti:
Usiifute. Itumie sehemu za mbali, mkiani na kwenye mikunjo ya nyuma, kwa rangi hafifu. Ila ingia kwenye mipangilio ya brashi, kwenye mzunguko, uchague ifuate mwelekeo wa kalamu. Magamba yatageuka pamoja na mwili. Nguvu zako ziweke kichwani na kwenye mkunjo wa kwanza.

BintiPangani:
Nimechora wavu kwenye mkunjo wa kwanza, nikaweka mistari miwili kama ulivyosema. Nanasi limeondoka. Kichwa nimekifuta chote: nilikuwa nimempa sahani za koboko, na kesho kutwa kingekuwa ukutani darasani. Nakianza upya usiku huu.