Re: Bima ya kujinunulia, HMO au PPO?

Mwangaluka wote, na mlionitangulia shikamooni. Nimeacha kazi hapa Ohio, Marekani, na bima ya afya ya kazini inakufa mwisho wa mwezi. Nimeingia HealthCare.gov, ile tovuti ya serikali ya kununulia bima, nimekutana na aina za mipango HMO, PPO, EPO, POS, kichwa kinauma. Mnajua mi nina pumu toka utotoni. Nichukue tu ile ya bei chini au?

Mdogo wenu wa Igoma

---

Marahaba mdogo wangu. Nakujibu nikiwa Mwanza, nipo Kirumba kwa mama, na jana tumeshinda hospitali ya Bugando maana sukari imeanza kumla macho. Alianzia zahanati ya mtaani, wakampeleka hospitali ya Sekou Toure, Sekou Toure ndo wakamwandikia Bugando, na ile karatasi ya rufaa kaifunga fundo kwenye pindo la khanga kama hela, kila tukifika dirisha jipya anafungua fundo anaionyesha anafunga tena. Nikasema moyoni, hii ndo HMO yenyewe.

HMO ni rufaa. Unachagua daktari mmoja wa kuanzia, yeye ndo anakuandikia kwenda kwa bingwa, na wote lazima wawe kwenye netiweki ya hiyo bima, yaani wale madaktari na hospitali wenye mkataba nayo. Mi 2019 nilikuwa nayo na sikuelewa hilo. Sikio likaniuma wiki nzima, nikatafuta daktari wa masikio jirani na kazini, kadi wakaipokea wakaipiga kopi, nikajua mambo safi. Wiki tano baadae bahasha, dola 780, bima imekataa kwasababu sina rufaa na yule daktari hayumo kwenye netiweki. Nililipa kwa mafungu miezi nane na mwezi wa kwanza sikumtumia mama hata senti, inaniuma mpaka leo.

Kwahiyo sikia vizuri hapa manake ndipo watu wetu wanapoumia. Ukipiga simu kwa daktari usiulize "mnapokea bima hii", watakwambia ndio, kupokea kadi ni kitu kingine. Uliza "mko ndani ya netiweki ya mpango huu", uwatajie jina la mpango lote kama lilivyoandikwa, kwasababu kampuni hiyohiyo moja inaweza kuwa na netiweki nne tofauti. Alafu angalia orodha ya dawa zao kama inhela yako imo na utachangia shingapi. Kukukataa kwa ajili ya pumu hawawezi, hilo sheria ililimaliza tangu 2014, ila jihadhari na zile bima za muda mfupi wanazouza kwa simu, zile hazibanwi na hiyo sheria na pumu yako wanaweza kuiruka.

PPO unaenda kwa bingwa moja kwa moja, na nje ya netiweki wanalipa kiasi, ndo maana kila mwezi inakamua zaidi. EPO mara nyingi haitaki rufaa ila ukitoka nje ya netiweki ni juu yako yote. POS inataka rufaa kama HMO, nje unaruhusiwa kwa bei ya juu. Dharura zote zinalipa hata hospitali isipokuwemo, na tangu Januari 2022 hawaruhusiwi kukutupia bili ya tofauti kati ya bei yao na bima ilicholipa, isipokuwa ambulansi ya barabarani, hiyo bado inaumiza watu.

Bei ya mwezi isikudanganye. Mipango ina madaraja, Bronze kwa wastani inabeba asilimia 60 ya gharama, Silver 70, Gold 80. We mwenye pumu unaenda hospitali kila mara, dedaktibo ya Bronze, ile hela unayotoa mwenyewe kwanza, itakumaliza kabla bima haijaanza kulipa chochote cha maana. Na kama kipato kimeshuka baada ya kuacha kazi angalia Silver kwanza, ina punguzo la ziada kwenye dedaktibo na kopei (ule mchango wako kila ukitibiwa) ambalo zingine hazina. Angalia pia kikomo cha mwaka cha hela ya matibabu inayotoka mfukoni mwako, 2025 kisheria hakikuruhusiwa kuzidi dola 9,200 kwa mtu mmoja ndani ya netiweki.

Una siku 60 tangu bima ya kazini iishe, ila chagua kabla mwezi haujaisha usije ukakaa bila kitu. Na ukija huku likizo nunua bima ya safari, hizo za kule kwa kawaida hazivuki maji.

---

Naongezea hapo kwa dada. We umekua unaogelea ziwani kama sisi wote, mwambie daktari wako wa kuanzia siku ya kwanza kabisa uliishi kando ya Ziwa Victoria, akupime kichocho. Kule hawakifikirii, shemeji yangu alikojoa damu miezi mingi wanampima figo tu.

---

Asanteni sana dada na kaka. Leo nimepiga simu kwa daktari wangu wa pumu kwa maneno yaleyale ya dada. Ile HMO ya bei chini hayumo, yule wa mapokezi kwanza alisema "tunaipokea", nilipomsomea jina lote la mpango akaenda kuangalia akarudi akasema hapana. Yumo kwenye EPO moja ya Silver na inhela yangu imo, naijaza usiku huu. Dada, mama msalimie sana, macho wamesemaje?

---

Wamempangia leza Jumanne. Karatasi bado iko kwenye fundo.